Mavuno Arobaini

Mgema hupanda mnazi asubuhi, akapanda tena jioni. Akikosea leo kulikata karara, tembo lenyewe litamsema kabla jua halijazama, na kesho atarekebisha mkono wake. Kwa mwaka mmoja huwa amejaribu mara mia kadhaa, na wanywaji wake hawaishi kumpa majibu. Ndiyo maana wahenga waliona hatari yake iko kwenye sifa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mtengeneza mvinyo wa zabibu hana nafasi hiyo. Katika nchi zenye majira ya baridi, mzabibu huzaa mara moja tu kwa mwaka. Kijana aliyeingia kazini akiwa na miaka 25 akastaafu akiwa na 65 atakuwa ameshika mavuno 40 maisha yake yote. Wala hayo arobaini hayafanani. Mwaka mmoja ni wa mvua za kukera, mwaka mwingine ni wa joto linalokausha vishada, mwingine jalidi inaunguza machipukizi kabla hayajafika urefu wa kidole. Hata akipatia, hajui upesi kama amepatia, maana mvinyo mwekundu wa kutunzwa huanza kuonyesha tabia yake baada ya miaka mitano, kumi au zaidi. Mtu wa kazi ya namna hii hawezi kujifunza kwa makosa yake peke yake; makosa yake hayamtoshi.

Basi hufanya nini? Huuliza. Huketi na aliyemtangulia, akamwuliza mwaka ule wa mvua ulivuna lini, na pipa lile lililoharibika lilianza kunuka vipi. Kwa njia hiyo huazima mavuno ambayo hakuyaona. Mazungumzo, katika kazi hii, ni sehemu ya ufundi wenyewe. Hata msomaji asiyegusa kileo anaweza kuyafurahia, kwa sababu kinachosifiwa humo ni mkono na subira.

Mahali pazuri pa kuyasikia ni Berkeley, Marekani. Katika Maktaba ya Bancroft ya Chuo Kikuu cha California kuna ofisi ya historia simulizi, na mwaka 1969 mwanamke aitwaye Ruth Teiser alianza kuwahoji watengenezaji wa mvinyo wa jimbo hilo kwa niaba ya ofisi hiyo. Utaratibu ulikuwa wa kazi ya pole pole. Mazungumzo yalirekodiwa, yakachapwa neno kwa neno, yakarudishwa kwa msemaji ayapitie na kuyasahihisha, kisha yakajalidiwa na kuwekewa faharasa. Teiser aliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na waliozungumza ni pamoja na wenye viwanda vikubwa, wanasayansi wa chuo na mafundi wa ghalani.

California ilikuwa na sababu ya pekee ya kuhitaji kumbukumbu hizo. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe. Viwanda vichache viliponea kwa kutengeneza mvinyo wa altare, vingi vilifungwa. Wakulima waling'oa aina nzuri za zabibu au wakabebesha aina nyingine juu ya mashina yale yale, hasa Alicante Bouschet, zabibu yenye ganda gumu inayostahimili safari ndefu ya treni hadi kwa watu waliojitengenezea mvinyo majumbani. Marufuku ilipoondolewa, majengo yalikuwapo, mapipa mengine yalikuwapo, lakini mavuno 13 yalikuwa yamepita bila mzee kumwonyesha kijana. Kamba ya maarifa ilikuwa imekatika.

Mmoja wa walioifunga upya kamba hiyo ni André Tchelistcheff. Alizaliwa Moscow mwaka 1901, akapigana upande wa jeshi la Weupe dhidi ya Wabolsheviki, akajeruhiwa Krimea na kuachwa kwenye theluji akidhaniwa amekufa. Baadaye alisoma kilimo Czechoslovakia, kisha akaendelea na masomo ya mizabibu na mvinyo Paris. Huko ndiko alikopatikana mwaka 1938 na Georges de Latour, Mfaransa mwenye kiwanda cha Beaulieu kijijini Rutherford, katika bonde la Napa, aliyekuwa akitafuta fundi.

Anayefungua mazungumzo ya watu wa kizazi hicho akitarajia maneno matamu kuhusu harufu ya waridi na ladha ya zambarau atashangaa. Wanazungumzia maji. Wanazungumzia mabomba, vyuma vinavyopata kutu na kuuchafua mvinyo, mapipa yaliyokaa na ukungu, na namna ya kuweka tangi katika ubaridi siku ambayo nje kuna joto kali. Tchelistcheff alipofika Beaulieu alianza na usafi, kisha akahangaikia jotoridi: juisi ya zabibu nyeupe ichachuke katika ubaridi, taratibu, ili harufu yake isipotee. Akaendelea kushughulikia jambo ambalo mafundi wengi wa Napa wakati huo hawakulielewa vizuri, yaani badiliko la pili la mvinyo. Baada ya chachu kumaliza sukari, bakteria wanaweza kuja na kuigeuza asidi kali, ile inayopatikana katika tofaa bichi, iwe asidi laini ile ya maziwa. Badiliko hilo likitokea ghalani chini ya uangalizi, mvinyo mwekundu hupata ulaini. Likitokea lenyewe ndani ya chupa iliyokwisha kuzibwa, mvinyo hutoa gesi na kuharibika. Shambani nako alipigana na jalidi, akitumia vyombo vya moto na mapanga ya kupepea hewa ili machipukizi yasiungue usiku.

Mwaka 1940 Beaulieu ilitoa kwa mara ya kwanza mvinyo wake mwekundu wa mavuno ya 1936, uliopewa jina la de Latour, na kwa miongo kadhaa mvinyo huo ukawa kipimo cha wengine bondeni. Lakini ninachokistaajabia zaidi kwa Tchelistcheff ni maabara aliyoiendesha mjini St. Helena, ambako watu wa viwanda vingine, ambao kibiashara walikuwa washindani wa mwajiri wake, walipeleka sampuli zao. Kila sampuli ilikuja na swali, na kila swali lilikuwa mavuno ya mtu mwingine. Alistaafu Beaulieu mwaka 1973, akaendelea kuwa mshauri wa viwanda vingi hadi karibu na kifo chake mwaka 1994. Ukihesabu mavuno aliyoyaona kwa macho yake hayafiki 60. Ukihesabu aliyoonjeshwa, ni mamia.

Ili kuona kwa nini ushauri wa namna hiyo una thamani, tusimame kidogo kando ya tangi la mvinyo mwekundu katika wiki yake ya kwanza. Zabibu zimekwisha kutolewa kwenye vikonyo na kupasuliwa. Juisi, maganda na mbegu vimeingia pamoja. Siku ya kwanza ni kimya. Siku ya pili au ya tatu chachu imeamka, na tangi linaanza kuunguruma. Gesi inayotoka inayasukuma maganda juu mpaka yanakuwa tabaka nene, gumu kiasi cha kuhitaji nguvu kulipenya. Chini kuna juisi isiyo na rangi ya kutosha, na juu kuna maganda yenye rangi yote na ukali wote. Kazi ya fundi ni kuvikutanisha. Mara mbili au tatu kwa siku huyazamisha maganda kwa mti mrefu wenye kibao mwishoni, au huvuta juisi kutoka chini kwa pampu na kuimwaga juu. Akiyaacha maganda yakauke, bakteria wa siki watayavamia. Akiyasumbua kupita kiasi, mvinyo utakuwa mchungu wa kukausha ulimi.

Wakati huohuo joto linapanda. Nyuzi 28 au 30 za Selsiasi zinafaa kutoa rangi; likipanda sana, chachu huchoka na hata kufa huku sukari ikiwa bado imebaki, na kuiamsha upya ni kazi ya kukosesha usingizi. Kwa hiyo fundi hupima uzito wa juisi asubuhi na jioni, akaandika. Sukari inapogeuka kileo, juisi huwa nyepesi, na mstari wa kwenye karatasi hushuka. Lakini karatasi haiambii pua kitu. Harufu ya yai viza ikitokea, aliyefundishwa vizuri hajishughulishi kuificha. Anajua chachu imekosa chakula, na anajua ana saa chache za kuisaidia. Hujifunza pia kutoinamia tangi bila tahadhari, maana gesi ile inayoyasukuma maganda haina rangi wala harufu, na imeua watu wenye uzoefu mkubwa.

Halafu kuna swali la lini maganda yatenganishwe na mvinyo. Baada ya siku 7? 12? 25? Hakuna mashine inayojibu. Fundi huonja kila siku, anatema, anasubiri, anasikiliza ukali unavyoshika ufizi, na anaamua. Uamuzi huo utafanyika mara moja kwa tangi lile mwaka ule, na hautarudiwa.

Shuleni unaweza kufundishwa sababu za yote hayo, na Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis kimefundisha vizazi. Lakini kuna mambo hupita mkono kwa mkono. Katika miaka ya 1950 na 1960, kiwanda kidogo cha Souverain pale Napa kilikuwa na mwenyewe aitwaye Lee Stewart, mtu aliyejulikana kwa kutopuuza jambo hata likiwa dogo vipi. Mwaka 1958 alimpokea Miljenko Grgich, mwana wa familia ya wakulima wa mizabibu wa Dalmatia, Croatia, aliyefika Marekani kupitia Ujerumani na Kanada. Grgich hakukaa sana. Mwaka uliofuata alikwenda Beaulieu, akafanya kazi chini ya Tchelistcheff kwa takriban miaka tisa. Mwaka 1964 Stewart akampokea mwingine, Warren Winiarski, aliyekuwa mhadhiri huko Chicago. Mtu wa vitabu huyo alibeba familia yake, akaja kubeba mipira ya maji na kuosha mapipa. Miaka michache baadaye alionja mvinyo ambao mkulima Nathan Fay alijitengenezea nyumbani kwa zabibu za shamba lake, na mwaka 1970 akanunua ardhi jirani na shamba hilo.

Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliandaa mashindano Paris. Waonjaji Wafaransa, wote watu wa heshima katika fani, walipewa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuonyeshwa chupa. Kwa upande wa mweupe, wa kwanza ulikuwa Chateau Montelena wa 1973, kazi ya Grgich. Kwa upande wa mwekundu, wa kwanza ulikuwa Stag's Leap Wine Cellars wa 1973, kazi ya Winiarski, ambaye mshauri wake alikuwa Tchelistcheff. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya wanyonge waliowaangusha wakubwa. Mimi naliona kwa jicho jingine: washindi wote wawili walipitia ghala lile lile la Stewart, na wote wawili walikunywa kisima kimoja cha maarifa. Grgich, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 100, alipenda kusimulia wosia wa baba yake: kila siku jifunze jambo jipya na upate rafiki mpya. Katika kazi ya kuvuna mara moja kwa mwaka, wosia huo ni wa kiufundi kabisa.

Wapo pia waliozungumza na wafu. Paul Draper alisomea falsafa Chuo Kikuu cha Stanford, na alipojiunga na kiwanda cha Ridge Vineyards mwaka 1969, kwenye milima juu ya Cupertino, hakuwa na shahada ya mvinyo. Alirudi kwenye vitabu vya karne ya 19, vya Bordeaux nchini Ufaransa na vya California ya kabla ya marufuku, akavisoma kama mtu anayetafuta maelekezo ya kazi ya kesho asubuhi. Humo alijifunza kuiachia kazi chachu iliyomo shambani na ghalani yenyewe, na kuingilia pale tu inapobidi. Mvinyo wa Ridge Monte Bello wa 1971 ulishika nafasi ya tano kule Paris. Mwaka 2006 mvinyo ule ule mwekundu wa mashindano ya 1976 uliporudiwa kuonjwa, Monte Bello, ukiwa na umri wa miaka 35, ulikuwa wa kwanza. Hivyo ndivyo majibu ya kazi hii yanavyochelewa.

Na kutouliza kuna gharama yake. Mzabibu wa Ulaya haustahimili filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi, kwa hiyo hubebeshwa juu ya shina la aina nyingine. Kwa miongo kadhaa wakulima wa Napa walishauriwa na wataalamu watumie shina liitwalo AXR1, kwa sababu lilizaa sana na kukubali udongo wa kila namna. Shina hilo lilikuwa limekwisha kushindwa mbele ya mdudu huyo katika nchi nyingine, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashamba ya Napa yalianza kudhoofika mstari kwa mstari, na katika muongo uliofuata sehemu kubwa ya bonde iling'olewa na kupandwa upya. Shamba jipya huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa zabibu za kutengenezea mvinyo. Mavuno ya wengine yalikuwa yametoa jibu, ila halikufika.

Hata hivyo, leo kamba ya maarifa inafika mbali. Zelma Long aliajiriwa na Grgich kusaidia mavuno ya mwaka 1970 katika kiwanda cha Robert Mondavi. Baadaye aliongoza utengenezaji wa mvinyo pale, kisha katika kiwanda cha Simi, wakati ambapo wanawake katika nafasi hizo walikuwa wachache mno. Pamoja na mumewe, Phil Freese, mtaalamu wa mizabibu, alikwenda kushiriki kuanzisha kiwanda cha Vilafonté Afrika Kusini. Huko kusini mavuno ni kuanzia Februari. Kaskazini ni kuanzia Septemba. Anayefanya kazi pande zote mbili huwa ameongeza mwaka ndani ya mwaka.

Hukohuko Afrika Kusini, Ntsiki Biyela wa Mahlabathini, KwaZulu-Natal, aliingia kazini bila kamba yoyote ya kushika. Mwaka 1999 alipata ufadhili wa shirika la ndege la nchi yake kwenda kusomea mvinyo Stellenbosch, akiwa hajawahi kuuonja, na mafunzo yakitolewa kwa Kiafrikana, lugha ambayo hakuijua. Amesema mara nyingi kwamba mara ya kwanza alipouonja hakuupenda hata kidogo. Mwaka 2004 alianza kazi katika kiwanda cha Stellekaya, na mwaka 2009 akatajwa kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo kati ya wanawake wa nchi hiyo. Baadaye alianzisha kampuni yake na kuipa jina la bibi yake aliyemlea, Aslina.

Sasa turudi nyumbani, Dodoma, kwa sababu hesabu yote niliyoifanya hapa inabadilika pale. Mzabibu wa Dodoma haulali. Hakuna baridi ya kuudondosha majani na kuufunga, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake. Akipogolea leo, baada ya miezi minne au mitano atavuna. Akipogolea tena, atavuna tena. Kwa kawaida mavuno ni mawili: moja karibu na Februari na Machi, lingine Agosti na Septemba. Zabibu za masika hukua kwenye unyevu, na mkulima hupambana na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mvua ikinyesha vishada vimeiva, utamu hupungua. Zabibu za kiangazi hutegemea maji ya kumwagilia, lakini hewa kavu huzifanya safi na tamu zaidi. Fundi wa Dodoma anayepokea zabibu nyekundu za Makutupora miaka 40 atakuwa ameona mavuno 80, tena ya tabia mbili tofauti kutoka shamba lile lile.

Ujuzi huo haumo katika vitabu vya Bordeaux wala vya Davis, ambavyo viliandikwa kwa ajili ya mzabibu unaolala. Umo vichwani mwa wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi, na mwa mafundi waliozeeka kwenye viwanda vya mji huo. Atakayekwenda na kinasa sauti, ambacho siku hizi kimo ndani ya simu, asiwaulize siri ya mvinyo mzuri, maana swali hilo halina jibu. Aulize mwaka ule mvua zilipochelewa, mzee, ulipogolea lini? Uliacha macho mangapi kwenye tawi, na kwa nini? Tangi lililokushinda lilianza kunuka nini, na ulifanya nini kwanza? Nani alikufundisha, na yeye alifundishwa na nani? Majibu yachapwe, wazee wayapitie wenyewe, kisha nakala iwekwe kwenye kituo cha utafiti cha Makutupora, na nyingine kwenye maktaba ambayo kila mtu anaweza kuingia. Kijana atakayeanza kazi baada ya hapo hatasubiri miezi mitano ili agundue jambo ambalo jirani yake alilijua zamani.